Simu Ikikugomea Nanganga, Fundi Awe wa Mwisho

Simu yako ikikataa kufunguka, usikimbilie kwa fundi. Nalisema mapema kwa sababu simama tu pale Nanganga, njiapanda ambapo lami ya Mingoyo kwenda Masasi inaachana na barabara ya Ruangwa na Nachingwea, umwambie mtu yeyote kwamba simu yako imejiloku. Kabla hujamaliza kueleza utakuwa umeshatajiwa mafundi watatu, umeitiwa bodaboda, na umepewa dawa za kila aina. Huyu atakwambia toa betri, wakati simu yenyewe haina betri ya kutolewa. Yule atakwambia ifukie kwenye mchele, dawa ambayo watu huzipa simu zilizoingia maji. Wa tatu hataongea. Ataichukua mkononi mwako na kuanza kuchora pateni yake mwenyewe, akiamini kuwa wanadamu wote tunatumia pateni moja.

Huyo wa tatu ndiye wa kumwogopa. Pateni ya vitone tisa ina njia 389,112 za kuchorwa. Ukikosea mara tano, simu nyingi za Android zinakusimamisha sekunde 30. Hata kama ungejaribu moja kila nusu dakika, usiku na mchana, bila kula wala kulala, ungehitaji zaidi ya siku 130 kuzimaliza zote, na hapo nimehesabu kana kwamba simu ina subira. Haina. Kadiri unavyokosea ndivyo inavyokuongezea muda wa kusubiri, kutoka sekunde hadi dakika, na kutoka dakika hadi saa. Kwa hiyo hatua ya kwanza kabisa ni kuinyang'anya simu mikononi mwa wanaokupenda. Washukuru, wape viti, lakini simu ibaki kwako.

Halafu usiifute. Najua mkono umeshafika kwenye ncha ya kanga. Subiri. Ipeleke dirishani au mlangoni, izime taa ya skrini, uilaze kidogo ili mwanga upite juu ya kioo kwa ubavu. Kama juzi ulikuwa unamenya karanga za kukaanga au unakula samaki wa kuchoma, huenda ukauona mchirizi wa kidole chako ukipita kwenye vitone vile vile unavyovitafuta. Si uganga. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, walionyesha kwamba mafuta ya vidole yanayobaki kwenye kioo yanaweza kuisema pateni ya mwenye simu. Waliogopa wezi, na walikuwa na haki ya kuogopa. Lakini leo mwenye simu ni wewe, chukua faida. Ukishafungua, ndipo uifute kwa kanga, na uwe unaifuta kila siku.

Usipoona mchirizi, kaa mahali unapokaa kila siku ukiifungua, shika simu kwa mkono ule ule, na uache kidole kiende chenyewe bila kukifikiria. Vidole huwa vinakumbuka njia ambayo kichwa kimeshaisahau. Jaribu hivyo mara moja au mbili, si kumi.

Sasa tujiulize imekuwaje, maana jibu la swali hili ndilo linaloonyesha pa kwenda. Wapo waliosahau kwa sababu jana usiku walibadilisha namba ya siri kwa hasira, wakimficha mtu jambo. Hao tuwaachie Mungu. Wapo ambao mjukuu aliiweka pateni mpya, na dawa ya hao ni kumpa mjukuu andazi na kumwomba kwa upole airudie. Ukimfokea ataisahau kweli. Lakini wengi wa huku wanapatwa na jambo lingine, nalo nataka tulitazame kwa karibu.

Wanatumia kidole. Asubuhi kidole, mchana kidole, usiku kidole, PIN wala hawaifikirii. Siku chaji inapoisha, simu ikawashwa upya, haikubali kidole. Inataka kwanza namba. Ndivyo ilivyotengenezwa. Simu nyingi za Android pia huidai PIN zikipita saa 72 bila wewe kuiandika, hata kama haijazimwa. Mtu anaiona hiyo kama simu imeharibika, kumbe simu inafanya kazi yake, na kilichopotea ni namba tu.

Tena vidole vya huku vina habari yake. Ganda la korosho lina mafuta makali yanayochoma ngozi. Mama anayebangua kwa mkono hujipaka majivu au mafuta ya kula kujikinga, lakini mtazame ncha za vidole msimu ukikolea: nyeusi, zimebambuka, mistari ile myembamba imelika. Anaweka dole gumba kwenye simu yake mwenyewe, simu inatetemeka, inasema haikutambui. Anapangusa kwenye kitenge, anaweka tena, haimtambui. Aliyeshika jembe tangu mvua za kwanza naye hali yake ni hiyo hiyo. Watu hawa waliujua usumbufu huu tangu Mei 2019, ulipoanza usajili wa laini kwa alama za vidole nchi nzima, kidole kikiwekwa na kupanguswa na kuwekwa tena mbele ya wakala. Inaniuma kuona mtu anakataliwa na mashine kwa sababu ya kazi yake. Basi kama wewe ni mbanguaji, sajili vidole viwili visivyoshika ganda, kwa mfano kidole kidogo cha mkono wa kushoto, na kila kimoja ukisajili mara mbili. Ngozi ikibambuka upande huu, ule mwingine utakuokoa. Na PIN ujilazimishe kuiandika angalau kila Ijumaa, isikutoke.

Tuseme yote hayo yameshindikana. Sasa toa laini.

Ndiyo, kabla ya fundi, kabla ya kuzunguka, chukua sindano au hereni nyembamba, fungua kijidroo cha pembeni, toa laini, iweke kwenye kiswaswadu. Kama huna kiswaswadu, azima kwa jirani; Nanganga nzima haikosi simu ya batani yenye tochi. Watu wengi wanalia kwamba hela zao zimefungiwa ndani ya simu, na si kweli. Hela ya simu haikai kwenye simu, inakaa kwenye mtandao, na mlango wake ni laini pamoja na namba yako ya siri ya huduma ya fedha. Piga *150*00# kama ni M-Pesa, *150*01# kama ni ile iliyokuwa Tigo Pesa, *150*60# kama ni Airtel Money, *150*88# kama ni Halopesa. Salio litasoma lile lile. Pumua.

Jambo hili ni zito hasa mwezi wa sita, minada ya ufuta ikiwa imechangamka, na tena kuanzia mwezi wa kumi korosho zikianza kuingia maghalani. Mkulima amepeleka magunia yake AMCOS, chama cha msingi cha ushirika, mzigo umeuzwa kwenye mnada wa RUNALI, chama kikuu cha ushirika cha Ruangwa, Nachingwea na Liwale, na anasubiri ujumbe kwamba malipo yameingia benki. Ujumbe huo unakuja kwenye laini. Mtu anaweza kukaa wiki nzima na simu iliyofungwa mfukoni, akimlaumu katibu wa AMCOS, wakati hela imeshaingia na ujumbe umeshafika, ila hawezi kuufungua ausome. Laini ikiwa kwenye kiswaswadu, ujumbe unaofuata utausoma, na salio la benki utaliuliza kwa simu hiyo hiyo ya batani kama ulijiunga na huduma hiyo.

Hapa kuna mtego mdogo. Hakikisha kinachodai namba ni simu, si laini. Laini nayo inaweza kuwa na PIN yake. Ukiikosea mara tatu itadai namba ya PUK yenye tarakimu nane. Hiyo imeandikwa kwenye kadi ulimochomolea laini siku ya kwanza, au piga 100 kwa simu ya mtu mwingine wa mtandao huo huo uwaulize wahudumu. PUK usiibahatishe. Ukiikosea mara kumi laini inakufa, na itabidi ukairenyu kwa wakala ukiwa na namba yako ya kitambulisho cha taifa, NIDA, na kidole kile kile cha korosho.

Laini ikishakuwa salama, tunakwenda kwenye akaunti ya Google. Hapa ndipo simu nyingi za Android zinapokwama, nami nina ugomvi na desturi yetu moja. Siku ya kununua simu, mtu analipa, kijana wa dukani anamwambia, "Mama, nikuwekee kila kitu?" Mama anajibu, "Niwekee, mwanangu." Kijana anafungua akaunti ya Gmail kwa dakika moja: jina analolikumbuka yeye, nywila anayoijua yeye, tarehe ya kuzaliwa aliyoibuni yeye. Mama anatoka na simu inayopiga muziki vizuri, na hajui kwamba funguo za mwisho za simu hiyo zimebaki kwa kijana, ambaye kwa jinsi alivyo na wateja wengi, keshazisahau kabla mama hajafika stendi.

Tangu Android 5.1 ya mwaka 2015, simu ikifutwa kwa nguvu bila kufunguliwa kwanza, ikiwaka inadai akaunti ya Google iliyokuwamo, au ile loku ya zamani. Lengo ni kumfanya mwizi asipate faida ya wizi wake. Lakini mama aliyefunguliwa akaunti na kijana anasimama mbele ya simu yake akiwa amevalishwa nguo za mwizi, na hana la kujitetea.

Kwa hiyo kabla ya kufuta chochote, irudishe akaunti mikononi mwako. Azima simu ya mtu unayemwamini, fungua ukurasa wa kurejesha akaunti wa Google kwa anwani g.co/recover. Kama hujui hata barua pepe yenyewe, chagua kwamba umeisahau, andika namba yako ya simu na jina lililoandikwa kwenye akaunti. Jaribu jina kama ambavyo kijana angeliandika, maana mara nyingi herufi za majina yetu zinachakachuliwa dukani. Google ikisema imetuma swali kwenye simu yako, uguse Ndiyo, usikate tamaa. Simu inayozungumziwa ndiyo hiyo hiyo iliyofungwa. Chagua njia nyingine, namba ya kuthibitisha itumwe kwa ujumbe mfupi. Ujumbe utaingia kwenye kiswaswadu. Umeona kwa nini tulianza na laini?

Ukifaulu, badilisha nywila, iandike, kisha tulia. Google yenyewe inashauri ukishabadilisha nywila usubiri saa 24 kabla ya kuifuta simu. Ni siku moja tu. Tumia siku hiyo kuichaji simu ijae, kwa sababu umeme ukikatika simu ikiwa katikati ya kujifuta na betri haina kitu, utakuwa umeongeza tatizo la pili.

Kesho yake, futa. Kama simu ina intaneti na inaonekana, unaweza kuiagiza ijifute ukiwa mbali, kupitia android.com/find kwa akaunti ile uliyoikomboa. Kama haionekani, izime, kisha kwa simu nyingi shikilia pamoja kitufe cha kuwashia na cha kuongeza sauti mpaka itokee orodha ya maandishi madogo. Shuka kwa kitufe cha sauti hadi panapozungumzia kufuta data, thibitisha kwa kitufe cha kuwashia. Kila kampuni ina namna yake ya kushikilia, kwa hiyo tafuta kwanza jina kamili la modeli yako. Picha ambazo hazikuwa zimehifadhiwa mtandaoni zitaondoka. Hilo linauma, na sitalipaka sukari: picha za mazishi ya babu, sauti ya mtoto aliyeanza kuongea, zitaondoka. Meseji za WhatsApp zitarudi kama uliwahi kuruhusu zihifadhiwe, na zitarudi kwa kupitia namba yako ile ile.

Wenye iPhone wana barabara fupi yenye geti refu. Tangu iOS 17 ya mwaka 2023, ukibadilisha namba ya siri na kuisahau, namba ya zamani bado inaweza kukusaidia ndani ya saa 72. Zikipita, unaifuta kwenye skrini yenyewe au kwa kompyuta, na nywila ya Apple lazima uwe nayo. Kama simu ni ya mkono wa pili na aliyekuuzia hakuondoa akaunti yake, mtafute yeye.

Na kama simu ni ya mkopo wa kulipa kidogo kidogo, ikafungwa kwa sababu rejesho limechelewa, dawa ni rejesho. Usimpe mtu hela akufungulie mlango ambao mwenye nyumba bado anakudai kodi.

Ni hapa sasa, hatua zote zikiwa zimekwama, ndipo tunakwenda kwa fundi. Simdharau fundi hata kidogo. Kijana wa Ruangwa mjini au Nachingwea anayekaa kwenye meza ndogo, kompyuta moja, waya saba na taa ya kichwani, anarudisha uhai wa simu ambazo wenyewe waliozitengeneza wangezitupa. Ila nenda kwake ukijua la kumuuliza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Simu imejiloku hii."

"Hiyo tunaiflashi, dakika kumi tu umekwenda zako."

"Na picha zangu je?"

Hapo mtazame usoni. Akikwambia zitaondoka, umempata fundi. Akikuapia kwamba zitabaki zote, muulize kwa adabu atazitoaje. Simu zote mpya zinazotoka na Android 10, ya mwaka 2019, au toleo la baadaye lazima zihifadhi data kwa mficho, na ufunguo wa mficho huo umefungwa pamoja na ile namba unayoitafuta. Februari 2016 FBI ya Marekani ilikwenda mahakamani kuilazimisha Apple isaidie kufungua iPhone 5c ya mmoja wa washambuliaji wa mji wa San Bernardino. Tarehe 28 Machi ikaachana na kesi, ikisema imefanikiwa kuingia kwa msaada wa watu wa nje. Hiyo ni serikali, ina majaji na bajeti. Inawezekana fundi ana programu inayoweza kufungua simu fulani za zamani bila kufuta, zipo. Basi na akuonyeshe kwanza, ulipe baadaye.

Nenda na boksi la simu na risiti. Kwenye boksi kuna IMEI, namba ya tarakimu 15 inayoitambulisha simu hiyo peke yake duniani. Simu nyingi zitaionyesha hata zikiwa zimefungwa, ukiandika *#06# kwenye sehemu ya kupiga namba za dharura. Fundi mzuri atalinganisha namba hizo, ya boksi na ya simu, kabla hajagusa waya. Usimkasirikie akikuuliza simu umeipata wapi. Fundi asiyeuliza ndiye atakayefungua simu yako siku ikiibwa. Na akikushauri akubadilishie IMEI ili mambo yaende haraka, chukua simu yako uondoke. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 inakataza, na TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilishaonyesha tarehe 16 Juni 2016 kwamba ikiamua kuzima simu feki inazizima, zikabaki za kuchezea watoto.

Kazi ikiisha, usilipe papo hapo. Kwanza fungua akaunti ya Gmail mwenyewe, kwa jina lako, au ingia kwenye ile uliyoikomboa, nywila uichape wewe. Kijana akinyoosha mkono kukusaidia, mwambie, "Acha mwanangu, leo nataka kujua." Weka namba yako kama ya kurejeshea akaunti. Weka PIN ya tarakimu sita isiyo tarehe yako ya kuzaliwa, maana tarehe hiyo kijiji kizima kinaijua. Iandike kwenye daftari pamoja na barua pepe na nywila, daftari likae sandukuni na stakabadhi za ufuta na kadi za kliniki. Kuiandika nyuma ya kava la simu ni kufunga mlango na kuacha ufunguo kwenye kitasa.

Kisha piga *106# uangalie kama laini zilizosajiliwa kwa NIDA yako ni zako kweli. Wakati simu ilikuwa imefungwa na laini ikizunguka kwa watu, mengi yanaweza kutokea, na namba usiyoijua ukiikuta hapo, wakala wa mtandao huo aiondoe siku hiyo hiyo.

Mwisho, mbele ya fundi, izime simu kabisa. Iwashe. Ikidai PIN, iandike wewe mwenyewe, kwa kidole chako, huku yeye akitazama pembeni. Ikifunguka, toa hela umlipe.